Ndege wa Chepsaita

Jepkemboi ana duka la maziwa upande wa Yamumbi: meza nne, jiko moja la gesi, friji mbili, na kinyongo cha miaka ishirini na mitano. Maziwa unaweza kununua. Maziwa lala pia, yaliyoganda vizuri, ukiwahi kabla ya saa nne. Kinyongo alikuwa amekificha ndani kabisa, na watu waliokunywa chai yake kila siku hawakujua kama kipo. Walimjua kama Mama Chebet, mama mnene mpole kutoka Chepsaita, ambaye haongezi maji kwenye maziwa. Mpole! Wangejua.

Mteja wake wa kila asubuhi alikuwa Mwalimu Obonyo, anayefundisha hesabu katika chuo kimoja hapo mjini. Obonyo alikuwa mtu mzuri mwenye ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ulikuwa earphone. Si zile za mia tatu ambazo vijana wananunua stejini zikafa upande mmoja baada ya wiki. Zake ni za chuma, ndogo kama maharagwe, zinaingia sikioni mpaka dunia nzima inanyamaza, na bei yake ukitajiwa unatafuta kiti. Kwa pesa hizo ungepata ng'ombe wa gredi anayekamuliwa, ubaki na ya kumnunulia chakula. Na Obonyo alikuwa na pea tatu.

Wala hakuwa peke yake. Walikuwa kumi na mmoja hapo Eldoret wenye earphone za bei hiyo, na walikuwa na kundi lao la WhatsApp na sheria zao. Ukinunua mpya, husemi kitu kwanza. Unaiacha icheze kwenye droo saa mia moja ili iive, ndivyo walivyosema, iive, utadhani ni githeri. Obonyo alificha yake kati ya soksi, na mkewe akakaa siku nne akitafuta redio inayoimba ndani ya nguo. Ikishaiva unasikiliza, kisha unaandika maoni yako, marefu, kwa dakika na sekunde, uwaambie wenzako besi imekaaje, sauti za juu zinachoma au hazichomi, mwimbaji amesimama karibu au mbali. Na wote lazima wasikilize wimbo mmoja, ili mtu asije akadanganya.

Wimbo huo ulikuwa wa kwaya ya Chepsaita, wimbo wa nne, uliorekodiwa Novemba 1999.

Obonyo alimweleza Jepkemboi haya yote asubuhi moja ya mwezi wa Mei, akisubiri chai ipoe. Hakujua anamwambia nani. Alisema zamani ilikuwa kaseti tu, lakini miaka miwili iliyopita kundi lao lilipata tepu yenyewe ya studio, wakaiingiza kwenye kompyuta, na tangu siku hiyo hawajaona rekodi nyingine ya kuikaribia. Alisema kuna ndege ndani yake. Dakika ya tatu na sekunde kumi na mbili, kwaya ikiwa imeshuka chini kabisa, ndege anaita. Kwenye redio humsikii. Kwenye earphone za mtaani humsikii. Lazima uwe na kitu cha maana masikioni, na ndiyo sababu wakikutana swali lao la kwanza ni moja: ndege anasikika? Madam Naomi, mwenyekiti wao, aliwahi kuuza earphone nzuri kabisa kwa hasara kwa sababu ndege alikuja akiwa na ukungu.

Jepkemboi aliuliza ni nani aliyerekodi. Aliuliza akifuta meza ambayo ilikuwa safi.

“Mzee Mungai. Yuko hapa hapa Yamumbi,” Obonyo akasema. “Yule mzee ni hatari, Mama Chebet. Hiyo rekodi tunaitoa upya mwaka huu, dunia nzima isikie, na jina lake mbele.”

Jepkemboi akaomba asikilize kidogo. Obonyo alifurahi, maana wenye ugonjwa ule hakuna wanachopenda kama kuambukiza. Alipangusa vimpira vya earphone kwa kitambaa, akamchagulia vidogo, akamwonyesha jinsi ya kuzungusha waya nyuma ya sikio. Dunia ikanyamaza. Kisha kwaya ikaja.

Jameni, niseme nini? Alimjua kila mmoja. Aliwasikia besi walivyokaa, aliwasikia soprano wakivuta pumzi pamoja, alimsikia yule tenor wa pili aliyekuwa na mafua siku ile na akakataa kurudi nyumbani. Dakika ya tatu ikafika, ndege akaita, na Jepkemboi akashika meza kwa mikono miwili.

Obonyo alitaka maoni yake. Akasema ni earphone nzuri, ila besi wamesogezwa mbele kuliko nilivyo... akakohoa, akasema kuliko inavyofaa. Obonyo akamkodolea macho. Jambo hilo hilo yeye alichukua wiki mbili kuligundua.

Mwaka wa 1999 Jepkemboi alikuwa na miaka ishirini na minne na hakuwa muuza maziwa. Alifanya kazi katika studio ya Mungai, chumba kimoja mjini juu ya duka la vitambaa. Mungai alimwandika afagie na apokee simu. Lakini Mungai alikuwa mtu wa biashara kumi, leo mbao, kesho kuku, keshokutwa viazi, na studio akamwachia msichana. Msichana akajifunza. Alijifunza maikrofoni ikae wapi, mtu asimame wapi, chumba gani kinasaidia sauti na kipi kinaiharibu. Aliipenda ile kazi vibaya sana. Akivaa hedifoni alijiona mtu kamili, na hajawahi kujiona hivyo tena tangu azivue.

Siku ya kwaya, Mungai alikuwa Timboroa akihangaika na lori la viazi lililozama kwenye matope. Alituma neno kwamba kazi ifutwe. Jepkemboi hakuifuta. Waimbaji arobaini walikuwa wametoka mashambani, wengine kwa miguu, ungewaambia nini? Akaomba pikapu, akapakia mashine na betri ya gari, akamfunga Chebet mgongoni, mtoto wa miezi mitatu, akaenda Chepsaita. Alipofika kanisani alipiga makofi mara moja, akasikia mabati yanavyomjibu, akakataa. Akawahamisha wote hadi stoo ya ngano ya jirani, magunia yamepangwa mpaka juu, kwa sababu magunia yanameza mwangwi na hayana maneno. Besi akawakalisha juu ya magunia. Soprano akawavua viatu, sakafu ilikuwa ya mbao. Waya ulikuwa mfupi, kwa hiyo yeye mwenyewe alisimama hatua mbili kulia kwa maikrofoni, na mtoto mgongoni.

Na katika wimbo wa nne, waliporudia mara ya pili, kwaya ikiwa imeshuka chini kabisa, Chebet akashikwa na kwikwi.

Alizisikia kwenye hedifoni. Alitaka kusimamisha, lakini kwaya ilikuwa imewaka na betri ilikuwa inakwisha. Akapeleka mkono nyuma akampigapiga mtoto makalioni kwa kiganja, polepole, na baada ya kidogo zikakoma. Kaseti zilipotoka, ule mvumo wa kaseti ulizifunika kabisa. Hakuna aliyezijua isipokuwa yeye.

Mungai aliporudi alisikiliza tepu yote. Mwanzoni mwa kila wimbo Jepkemboi alikuwa ametaja namba, wimbo wa kwanza, wimbo wa pili, kama mafundi wanavyofanya. Mungai alichukua wembe akaikata sauti hiyo yote, kipande kwa kipande. Kwikwi hakuzikata kwa sababu hakuzisikia, na hata angezisikia zilikuwa ndani ya wimbo. Kisha akapeleka tepu Nairobi, na kaseti zikarudi na picha ya kanisa, na chini ya kanisa zimeandikwa: Fundi, Mungai. Jepkemboi hakupiga kelele. Aliuliza tu jina lake liko wapi.

“Nani atanunua kanda iliyorekodiwa na msichana mwenye mtoto mgongoni?” Mungai akamjibu.

Wiki iliyofuata Jepkemboi alipigwa kalamu. Hata hilo angelimeza, watu wanafutwa kazi kila siku. Lakini alipozunguka studio nyingine za mjini, kila mlango ulikuwa umeshaambiwa: huyo msichana ameunguza mashine ya watu, huyo anaharibu tepu. Uongo mtupu, wa kutungwa na mtu mzima akiwa ameketi! Mungai alimfungia mji mzima. Jepkemboi akarudi Chepsaita kukamua, na hajashika mashine ya kurekodi mpaka leo. Krismasi kwaya ile ikipigwa redioni, aliinuka akazima.

Sasa mtu mwingine angemwambia Obonyo ukweli pale pale, chai ikiwa bado ina moshi. Jepkemboi alifunga mdomo. Alijua hesabu ya dunia ilivyo. Neno la mama wa maziwa dhidi ya neno la Mzee anayesifiwa na watu wenye earphone za bei ya ng'ombe, wangecheka kidogo, wangesema pole, wangelipa chai waende. Wangetoa rekodi na jina la Mungai, na hilo lingekaa hivyo mpaka mwisho wa dunia. Alitaka Mungai ajifunge mwenyewe, kwa mkono wake, na alitaka kamba iwe ndefu ya kutosha.

Basi akaanza kuuliza maswali. Alikuwa akimkanda Obonyo taratibu huku akimwongezea chai. Mwalimu, huyo ndege alikuwa wapi hasa? Hebu muulizeni Mzee. Na Mzee alisimama wapi akirekodi? Na maikrofoni aliziweka wapi? Obonyo alipeleka maswali kwenye kundi, na Mungai, waliyekuwa wamemwingiza humo kwa heshima, na ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza kitu chochote isipokuwa bei ya sukari dukani kwake, alijibu yote kwa raha. Aliandika kwamba ni mbayuwayu, aliyekuwa na kiota juu ya madhabahu. Aliandika kwamba yeye mwenyewe alimwona akiingia dirishani, akawaashiria waimbaji wasishtuke. Maikrofoni aliziweka mbele ya madhabahu. Waimbaji walisimama safu tatu kwenye ngazi. Kila wiki aliongeza chumvi, na kila wiki Jepkemboi alisoma kwenye simu ya Obonyo, akarudisha simu, akasema yule mzee kweli ana mambo.

Na wale wenye earphone! Walimeza kila kitu. Madam Naomi aliandika maoni mapya, kurasa mbili, kwamba sasa ndipo anasikia ukubwa wa kanisa, anasikia jinsi sauti inavyopanda juu ya madhabahu na kukaa hapo. Kipngetich, aliyewahi kukimbia marathoni Ulaya na kununua earphone zake kwa zawadi ya mbio, akaandika kwamba zake zinamtolea mpaka mabawa. Mabawa! Jepkemboi alikwenda nyuma ya duka akacheka mpaka machozi. Watu wazima, na vitu vya bei hiyo masikioni, wanasikia madhabahu ndani ya magunia ya ngano. Na katika wote kumi na mmoja hakuna hata mmoja aliyefikiria kuwapigia simu waliokuwa wakiimba.

Mwezi wa Julai walitafuta mahali pa kukutana ili wapitishe maandishi ya jalada, maana Jumatatu yake rekodi ilikuwa inatumwa. Jepkemboi akasema waje kwake, Jumamosi saa nane mchana, chai ni yake. Obonyo aliona ni ukarimu, akamshukuru sana.

Walikuja wote kumi na mmoja, na Mzee Mungai akaja mwisho, na kofia yake na fimbo yake na koti la Jumapili. Wakasimama kumpokea. Jepkemboi alimpelekea chai kwa mkono wake mwenyewe. Mungai hakuinua macho. Alisema tu, “Sukari kidogo, mama,” akaendelea na mazungumzo. Miaka ishirini na mitano Jepkemboi alikuwa akiuona uso ule hata akilala, na mwenye uso hakumjua akiwa ameinama mbele yake na kikombe. Ilimuuma, na palepale ikampendeza. Akamtilia sukari kidogo.

Madam Naomi akafungua kompyuta akasoma jalada: imerekodiwa na kutayarishwa na Mungai, ndani ya kanisa la Chepsaita. Watu wakapiga makofi. Wakamwomba Mzee awasimulie ndege kwa mdomo wake, na Mungai akasimulia, na safari hii ndege walikuwa wawili, dume na jike. Alipomaliza, Naomi akauliza kama kuna mwenye neno kabla hawajapitisha.

Jepkemboi akaweka birika chini.

“Huyo ndege anaitwa Chebet,” akasema. “Ni binti yangu. Alikuwa na kwikwi.”

Walicheka. Obonyo pia alicheka, kisha akamtazama vizuri akaacha. Jepkemboi akawaeleza kwa ufupi, bila kupandisha sauti: studio juu ya duka la vitambaa, lori la viazi, mtoto mgongoni. Na Mungai sasa akainua macho. Jepkemboi alikiona kitu kile alichokuwa amekingoja, Mzee akimtambua polepole, uso ukibadilika kutoka kwenye paji mpaka kidevuni.

“Huyu alikuwa anafagia kwangu,” Mungai akawaambia wengine. “Niliwahi kumfukuza kwa kuunguza mashine. Msimsikize.”

Jepkemboi alisema kila mtu avae earphone zake, aweke wimbo wa nne, na Madam Naomi ahesabu ili waanze pamoja. Yeye hatavaa chochote. Akawaambia kwamba ndege wao anaita mara tano, hilo wanalijua, lakini kati ya mara ya tatu na ya nne kuna kitu kingine ambacho hawajawahi kukiandika kwa sababu hawakujua watafute nini. Ni kiganja cha mtu kinachotuliza mtoto, mara nne.

Naomi akahesabu. Wakabonyeza.

Watu kumi na mmoja wameketi na waya masikioni, chai inapoa, friji inanguruma peke yake, na Mzee Mungai katikati yao hana earphone wala pa kutazama. Jepkemboi alisimama kando ya friji akiuimba wimbo moyoni, akifuata mguu wa Obonyo uliokuwa ukipiga mdundo sakafuni. Hakuhitaji zaidi ya hapo. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, mguu ukapungua mwendo kwaya iliposhuka. Jepkemboi akainua kidole: moja. Vichwa vikainuka. Kidole cha pili. Cha tatu. Kisha akajipiga pajani kwa kiganja, taratibu, mara nne, na kabla hajafika ya nne Madam Naomi alikuwa amejiziba mdomo. Kidole cha nne. Cha tano.

Obonyo alirudisha nyuma akasikiliza tena peke yake, kisha tena. Alivua earphone akasema ni mkono. Ni mkono wa mtu kwenye nguo, na umekuwepo hapo miaka miwili tukiupita. Kipngetich hakusema lolote kuhusu mabawa.

Mungai hakuwa mjinga. Alitoa kitambaa akajifuta, akasema sawa, sasa anakumbuka, msichana alikuwepo, alimbebea mizigo, na huenda kitoto chake kililia. Lakini nani aliweka maikrofoni mbele ya madhabahu? Nani alipanga kwaya kwenye ngazi? Kubeba mizigo si kurekodi.

“Mbele ya madhabahu?” Jepkemboi akauliza.

“Mbele ya madhabahu. Nimesema mara ngapi?”

Alikuwa amesema mara nyingi kweli, na yote yalikuwa yameandikwa kwenye simu kumi na moja. Jepkemboi akampa Madam Naomi namba ya Mzee Kipkoech, aliyekuwa mwalimu wa kwaya siku zile, na akamwomba amuulize jambo moja tu, na sauti aiweke kubwa. Naomi akapiga. Akajitambulisha, akauliza kwa heshima kwamba ile kanda ya 1999 waliimbia sehemu gani ya kanisa.

“Kanisa lipi?” Mzee Kipkoech akasema, na ng'ombe walisikika nyuma yake. “Yule msichana alitukatalia kanisa. Alitupeleka stoo ya ngano, tukakalia magunia. Sijui siku hizi yuko wapi, alikuwa na akili sana.”

Naomi akauliza kama Mzee Mungai alikuwepo. Kipkoech akasema mwenye studio hawakumwona hata kwa dawa, waliambiwa amekwama na viazi.

Simu ikakatwa. Hakuna aliyemtazama Mungai, na hiyo ni mbaya kuliko kutazamwa. Madam Naomi alikuwa mwanamke wa amani, anaimba katika kwaya ya kina mama, hapendi watu waaibike. Akasema pengine waandike majina yote mawili, Jepkemboi na Mungai, maana Mzee ndiye aliyekuwa na studio, na sisi sote ni watu wa kanisa.

“Lake litoke,” Jepkemboi akasema.

Naomi akawatazama wenzake. Obonyo akasema litoke. Mwingine akasema litoke, na mwingine. Jepkemboi akazunguka meza akasimama nyuma ya kiti cha Naomi, kwa sababu alitaka kuona. Aliona herufi zikifutika moja baada ya nyingine, kutoka mwisho kuja mwanzo, akatamani jina lingekuwa refu zaidi. Naomi akamuuliza jina lake kamili, akalitaja, likaandikwa. Na mahali palipokuwa pameandikwa kanisa, wakaandika stoo ya ngano.

Hapo ndipo Mungai aliposimama. Fimbo ilikuwa imeanguka na hakuiokota. Alisema, “Jepkemboi,” na ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo tangu mwaka ule. Alisema alikuwa kijana wakati huo, hakujua anachofanya. Kijana wa miaka arobaini na moja! Alisema wajukuu wake wanamjua kwa kanda ile, kanisani wanamwita Fundi, mbao zilimshinda, kuku walimfia, viazi unajua mwenyewe, na katika maisha yake yote hakuna kitu kingine ambacho mtu amewahi kumsifia. Kama si mbele kabisa, basi hata chini kwa maandishi madogo. Na hakuwa akiigiza. Baadhi ya wenye earphone walianza kulengwa na machozi.

“Nisamehe,” akasema. “Mbele ya hawa watu, Jepkemboi, nisamehe.”

Wote wakamgeukia yeye sasa. Walijua kinachofuata, kila mtu pale amelelewa kanisani. Mama Chebet mpole angepangusa mikono kwenye aproni, angesema yamepita, wangeomba pamoja, na chai ingepashwa moto. Jepkemboi alijichungulia moyoni atafute huruma, kwa haki kabisa, kama unavyotafuta sarafu mfukoni. Hakuipata. Alichokipata kilikuwa kitamu, kitamu sana, na hakuona haya.

“Nimekusikia, Mzee,” akasema.

Akamnyooshea Obonyo mkono, na Obonyo akaelewa, akampa zile earphone. Jepkemboi akabadilisha vimpira akaweka vidogo, akavuta kiti akaketi akiwa ametazamana na Mungai. Akazungusha waya nyuma ya sikio la kulia, kisha la kushoto, akasukuma mpaka ndani, akaurudisha wimbo mwanzo. Mungai alikuwa bado anasema. Midomo yake ilifunguka na kufungika, mikono imeinuliwa, mashavu yamelowa, na Jepkemboi alimtazama usoni muda wote ule, akiwasikiliza watu wake arobaini wakivuta pumzi kwenye magunia. Mungai akapiga hatua moja karibu. Jepkemboi akaongeza sauti.